Mwongozo kwa wakuu wa shule za Lubumbashi: kuanzisha masomo ya kidijitali bila intaneti na kufuatilia taarifa za mafunzo

Mwongozo huu unakuhusu wewe mkurugenzi wa shule ya msingi au prefe wa shule ya sekondari ya umma hapa Lubumbashi, iwe shule yako inasimamiwa moja kwa moja na serikali au na mojawapo ya madhehebu yaliyofunga mkataba nayo. Umeandikwa kwa sababu maswali yale yale yanarudi kila mwanzo wa mwaka wa masomo. Je, tunaweza kutumia vyombo vya kidijitali ikiwa shule haina intaneti? Tunahitaji tableti ngapi? Nani atunze kompyuta? Na ile barua ya mafunzo iliyosambazwa kwenye WhatsApp usiku, ni ya kweli au ni ya matapeli?

Kwa swali la kwanza jibu ni ndiyo, tena nakushauri uanze bila intaneti hata kama shule yako ina uwezo wa kununua mega, yaani data za intaneti. Chombo kinachotegemea mega kila siku husimama siku ile forfe, yaani kifurushi cha mega, inapokwisha, na mwalimu aliyetayarisha somo lake akakwama mbele ya watoto hatajaribu tena kwa urahisi. Masomo yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ya shule hubaki pale pale, mega ziwepo zisiwepo. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa ya bure mnamo Septemba 2019, madarasa yetu yamejaa, na mwalimu mwenye watoto sitini hana nafasi ya kupoteza nusu saa akisubiri ukurasa ufunguke.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usinunue kitu chochote kabla ya kusoma orodha hii hadi mwisho.

- Kompyuta moja ya mkononi yenye betri nzima. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 inatosha, lakini hakikisha diski ina nafasi tupu ya GB 100 au zaidi. Kompyuta iliyotumika inafaa, mradi idumu angalau saa mbili bila kuunganishwa na umeme. Muuzaji akikataa kuichomoa mbele yako ili uipime, tafuta muuzaji mwingine.
- Ruta ndogo ya Wi-Fi. Haihitaji laini ya simu wala mega; kazi yake ni kuunganisha kompyuta na tableti ndani ya darasa. Soma kibandiko chake: ruta inayotumia volti 5 inaweza kuendeshwa na pawabenki, ile ya volti 12 inahitaji betri au umeme wa ukutani.
- Tableti au simu za zamani za Android. Kumi zinatosha kwa kuanzia.
- Kidhibiti umeme, kile ambacho wauzaji wetu wanakiita stabilizatere.
- Flashi ya GB 64, kabati la chuma lenye kufuli, na daftari kubwa la kurasa ngumu.
- Watu wawili. Mmoja ni mwalimu mwenye hamu ya kazi hii, si lazima awe fundi. Wa pili ni msaidizi wake, atakayejua kila kitu anachojua wa kwanza.

Sharti hili la watu wawili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote yaliyomo katika orodha. Walimu wetu huhamishwa, huugua, huacha kazi. Na mara nyingi kompyuta ya shule hufungiwa kabatini mwaka mzima kwa sababu tu mtu pekee aliyejua neno la siri amehamia shule nyingine. Wewe mwenyewe unaweza kuhamishwa.

Kuweka masomo ndani ya kompyuta

Programu ninayoipendekeza ni Kolibri, ambayo imetengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, inatolewa bure, na imeundwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Inaweza kusomeka kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

1. Peleka kompyuta mahali penye intaneti nzuri, kwa mfano kwenye chuo au ofisi iliyo tayari kukusaidia, kisha pakua Kolibri kutoka tovuti ya Learning Equality yenyewe. Usikubali kuipokea kwenye flashi ya mtu usiyemfahamu, kwa maana flashi hizo ndizo zinazobeba virusi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

2. Sakinisha programu, na itakapokuuliza jinsi utakavyoitumia, chagua matumizi ya kikundi, kisha aina ya shule rasmi. Chaguo hili lina maana kubwa, kwa sababu katika shule rasmi ni wewe na walimu wako mnaosajili wanafunzi. Mtoto hawezi kujitengenezea akaunti kumi kwa majina ya wachezaji mpira.

3. Tengeneza akaunti ya msimamizi mkuu kwa jina la shule, wala si kwa jina la mwalimu. Andika neno la siri kwenye karatasi, litie ndani ya bahasha, ifunge, uisaini juu ya gundi, kisha uihifadhi pamoja na mihuri ya shule. Kulirudisha neno la siri la msimamizi mkuu lililopotea kunahitaji amri za kiufundi ambazo walimu wengi hawazifahamu.

4. Ukiwa bado kwenye intaneti, fungua ndani ya Kolibri ukurasa wa kifaa, na uchague chaneli, yaani mikusanyo ya masomo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachagua chaneli nzima ya Khan Academy ya Kifaransa, shirika la masomo ya bure, yenye video nyingi mno, kisha upakuaji unakatika katikati na diski inajaa. Chagua mada tu. Ikiwa utaanza na hesabu za mwaka wa tano, pakua sehemu, desimali na vipimo, basi. Mada nyingine zitafuata muhula ujao.

5. Kwa madarasa ya chini ongeza hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambao una vitabu vifupi vyenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Sheria ya 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa lugha za kufundishia katika shule ya msingi, kwa hiyo usione haya kuzitumia hadithi hizi mchana kweupe, hata mkaguzi akiwepo. Ni kweli kwamba Kiswahili chake kinafuata zaidi kile cha Tanzania na Kenya, na baadhi ya maneno yatawashangaza watoto wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwalimu asome hadithi kwanza, apige mstari chini ya maneno hayo, ayaeleze kabla ya kusoma na watoto.

6. Ukimaliza kupakua, nakili masomo yote kwenye flashi kupitia sehemu ya kuhamisha iliyomo ndani ya Kolibri yenyewe. Nakala hii itakuokoa kompyuta ikiharibika, na shule jirani inaweza kuingiza masomo hayo hayo bila kutumia hata mega moja.

7. Rudi shuleni, washa ruta, unganisha kompyuta nayo, kisha soma anwani inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa kifaa. Ni namba zilizotengwa kwa nukta, ambazo mara nyingi huishia na 8080. Iandike anwani hiyo kwa chaki kwenye kona ya ubao. Kwenye kila tableti unganisha Wi-Fi ya ruta, fungua kivinjari, andika anwani kama ilivyo, na masomo yatatokea.

8. Sajili darasa moja tu, na wanafunzi wa darasa hilo tu. Tumia namba ya mwanafunzi na jina lake la kawaida. Usiweke anwani ya nyumbani, namba ya simu ya mzazi wala dini. Kanuni ya kidijitali ya nchi yetu, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi za watu, na watoto ndio wanaostahili ulinzi huo kuliko wengine wote. Kwa sababu hiyo hiyo, picha za watoto wakiwa na tableti zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya komite ya wazazi kuulizwa na kukubali.

Kiwix nitaitaja kwa kifupi. Ni programu ya bure inayokuwezesha kusoma Wikipedia na Vikidia (ensaiklopidia ya watoto) bila intaneti, nayo inafaa zaidi kwa walimu wanaotayarisha masomo na kwa wanafunzi wa sekondari. Pakua faili la Vikidia ya Kifaransa kwanza, kwa kuwa ni dogo na limeandikwa kwa ajili ya watoto, kisha wasambazie walimu kwa flashi au Bluetooth.

Somo la kwanza darasani

9. Chagua siku moja ya wiki na saa moja, uiandike kwenye ratiba rasmi iliyobandikwa ukutani. Kazi isiyokuwa kwenye ratiba itasukumwa na kila jambo linalotokea: ziara, kikao, mvua, mitihani.

10. Gawa darasa. Ikiwa una watoto 60 na tableti 10, weka watoto watatu kwa kila tableti, nao watakuwa 30. Wale 30 wengine wafanye mazoezi ya mada hiyo hiyo kwenye daftari. Baada ya dakika 20 badilisheni. Katika kila kundi la watatu, mmoja anashika tableti, wa pili anasoma swali kwa sauti, wa tatu anaandika hesabu kwenye daftari. Swali likiisha, wanabadilishana kazi. Bila mpangilio huu mtoto mwenye nguvu atashika tableti tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi wasichana watabaki kutazama. Simama wewe mwenyewe nyuma ya darasa katika masomo matatu ya mwanzo, uangalie mikono ya nani haijagusa kioo.

11. Somo likiisha, mwalimu afungue ripoti ya darasa ndani ya Kolibri, aangalie swali lililowashinda wengi. Swali hilo ndilo atakaloanza nalo kesho ubaoni kwa chaki.

12. Hesabuni tableti kabla ya watoto kutoka, zifutwe vumbi, zirudishwe kabatini, na mwalimu asaini kwenye daftari.

Kufuatilia taarifa za mafunzo

Taarifa za mafunzo zinatufikia kutoka pande nyingi: wizara, divisheni ya mkoa, sudivisheni, ukaguzi, uratibu wa madhehebu, na mashirika yanayosaidia elimu. Nyingi zinapitia WhatsApp, zikiwa zimechanganyika na salamu, rambirambi na video. Fanya hivi.

13. Kwa ajili ya walimu wako tengeneza kundi la taarifa pekee, na katika mipangilio yake ruhusu wasimamizi tu kuandika. Mazungumzo yabaki kwenye kundi la kawaida. Zima pia upakuaji wa kiotomatiki wa picha na video kwenye simu yako, maana ndio unaokula mega kabla hujafungua barua yenyewe.

14. Fungua daftari la mafunzo. Kila barua iandikwe siku ile ile kwenye mstari mmoja: tarehe ya kupokelewa, ofisi iliyoituma na namba ya barua, mada, tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, jina la atakayekwenda, na siku atakayowaeleza wenzake alichojifunza. Safu hii ya mwisho usiiache wazi. Mafunzo yanayobaki kichwani mwa mtu mmoja hayajafika shuleni.

15. Hakiki kabla ya kusambaza. Tazama namba ya barua, tarehe, muhuri na jina la aliyesaini, kisha pigia simu ofisi husika kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo, kwa kuwa tapeli huweka namba yake mwenyewe na ndiye atakayekujibu kwa adabu nyingi. Barua inayodai pesa zitumwe haraka kwa simu ya mtu binafsi ili jina la mwalimu liingizwe kwenye orodha, isimamishe mpaka upate jibu la ofisi.

16. Angalia saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Mkutano wa mtandaoni uliotangazwa kwa barua kuwa utaanza 10h00 ya Kinshasa, hapa kwetu unaanza 11h00. Lakini ukiwa umepokea mwaliko ulioingia wenyewe kwenye kalenda ya simu, saa imekwisha kugeuzwa; usiongeze saa nyingine. Wapo wakuu wa shule waliosubiri saa nzima mbele ya kioo kitupu, na wapo waliofika wenzao wakiagana.

17. Katika mkutano wa mtandaoni zima kamera yako, na ikiwezekana walimu watatu wakae kwenye simu moja yenye spika ndogo. Mega zinazobaki zitumike kupakua nyaraka za mafunzo, ambazo mtazitia ndani ya kompyuta ya shule, kwenye folda yenye mwaka na mada.

18. Ikiwa umetumiwa fomu ya takwimu ya kujaza kwa KoboCollect, programu ya simu ya kukusanya takwimu, ijaze shuleni bila intaneti ukiwa na madaftari ya usajili mbele yako, uikamilishe, kisha utafute mtandao na uitume. Fomu iliyohifadhiwa kama rasimu haiendi popote, hata ukipita mahali penye intaneti kila siku. Hakikisha imehamia kwenye orodha ya zilizotumwa, upige picha ya kioo, na uandike tarehe kwenye daftari. Ofisi ikikuambia shule yako haijatoa takwimu, utakuwa na cha kuonyesha.

Makosa yanayoua kazi hii mapema

Kosa la kwanza ni kununua tableti nyingi kabla ya kumfundisha mwalimu hata mmoja. La pili ni kuweka vyombo ofisini kwa mkuu wa shule, mahali ambapo mwalimu anaona haya kuingia kuomba ufunguo. Ufunguo mmoja ukae kwako, wa pili kwa mwalimu mhusika. La tatu ni kuziacha kompyuta na tableti zimechomekwa usiku kucha. Umeme unaporudi baada ya kukatika unaweza kuja na nguvu kupita kiasi, na wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, radi za huku kwetu si za kuchezea. Mawingu yakikusanyika, chomoa kila kitu, hata kilichopitia stabilizatere.

Kuna pia jambo la michango. Usifanye tableti kuwa sababu ya kuwatoza wazazi wa shule ya msingi pesa mpya. Ukihitaji msaada, ulete mbele ya komite ya wazazi na komite ya usimamizi wa shule, uandikwe katika kumbukumbu za kikao, na kila anayetoa atoe kwa hiari. Ninalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa tableti, tableti hiyo imemfukuza shuleni.

Ikiwa mambo hayaendi

*Tableti inaona Wi-Fi lakini masomo hayafunguki.* Zima mega za simu kwenye tableti hiyo. Android ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, mara nyingi hurudi kimya kimya kwenye mtandao wa simu. Ikikuuliza kama ibaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali.

*Tableti zote zimekataa, ila masomo yanafunguka kwenye kompyuta yenyewe.* Kinga ya Windows (firewall) inazuia vifaa vingine kuingia. Tafuta mipangilio ya kinga hiyo na uiruhusu Kolibri kwenye mitandao binafsi. Usiizime kinga yote.

*Anwani ya jana haifanyi kazi leo.* Ruta imeipa kompyuta namba mpya. Isome tena kwenye ukurasa wa kifaa, ufute ile ya ubaoni. Fundi anaweza kuifunga namba hiyo ndani ya ruta isibadilike tena.

*Hakuna ruta.* Washa hotspoti ya simu moja, uzime mega zake, kisha kompyuta na tableti zote zijiunge nayo. Simu nyingi hazikubali vifaa zaidi ya kumi, kwa hiyo punguza tableti.

*Flashi ina nafasi, lakini inakataa faili kubwa la Kiwix.* Flashi imeumbizwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Nakili kwanza vilivyomo mahali pengine, iumbize upya kwa exFAT, kisha rudisha.

*Kiwix kwenye simu haioni faili ulilonakili.* Toleo la Play Store lina mipaka katika kusoma mafaili. Sakinisha lile la tovuti ya Kiwix.

*Tovuti zote zinadai kwamba si salama.* Tazama tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa. Rekebisha tarehe kwa sasa, kisha mwombe fundi abadilishe betri hiyo, ambayo ina umbo la sarafu na bei yake ni ndogo.

*Mwalimu hataki.* Usimlazimishe mbele ya wenzake. Mpe Kiwix kwenye simu yake mwenyewe, umwombe atayarishe somo moja la jiografia kwa kuitumia, na umruhusu alifundishe kwa chaki kama alivyozoea. Mwezi unaofuata mwalike akae nyuma ya darasa la mwenzake anayetumia tableti, bila kazi yoyote ya kuandika wala ripoti ya kutoa.